Safari na Matembezi: Wasomaji wa Kanda ya Kati Wauliza Kuhusu Kilwa

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, barua zinazoifikia safu hii zimebadilika sura. Zamani wasomaji wetu wa Dodoma na Singida waliuliza zaidi kuhusu michoro ya miambani ya Kolo au Hifadhi ya Ruaha. Siku hizi wengi wanataka kujua watakuta nini wakiipita Dar es Salaam na kuendelea kusini, na mji unaotajwa kuliko yote ni Kilwa. Kwa hiyo toleo hili nimeitengea Kilwa peke yake.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Nina siku nne za mapumziko ukiondoa siku za njiani. Wenzangu wanasema Kilwa ni magofu matupu, na kwamba afadhali niende Bagamoyo ambako ni karibu. Je, safari ndefu kiasi hicho ina manufaa, na hizo siku nne nizigawe vipi?

JIBU: Mwalimu, nenda Kilwa. Bagamoyo ni mji mzuri na magofu ya Kaole yanastahili kuonwa, lakini huko utafika hata kwa mapumziko ya Jumamosi na Jumapili ukiwa na shughuli nyingine Dar es Salaam. Kilwa haiendeki kwa kuunganisha na shughuli nyingine. Inataka nafasi yake, na siku nne ni kipimo kizuri.

Ujue kwanza kwamba Kilwa ni tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, penye gati, soko, nyumba za wageni na ufukwe wa Jimbizi. Kilwa Kisiwani ndiyo iliyokuwa dola, nayo iko ng'ambo ya mlango wa bahari, takriban kilomita 2 kutoka gati ya Masoko. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19, uko upande wa bara, takriban kilomita 25 kaskazini mwa Masoko. Mgeni asiyejua mgawanyo huu hushuka kwenye basi akadhani amefika kwenye magofu, kumbe bado bahari haijavukwa.

Siku ya kwanza ipe Kisiwani, na uipe yote. Kibali hukatwa Masoko kabla ya kupanda chombo, kwa kuwa magofu haya yako chini ya usimamizi wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na kuongozana na kiongozi wa wageni anayetoka Kisiwani kwenyewe ni jambo ninalolisisitiza sana, kwa sababu njia kati ya gofu moja na jingine hupita mashambani na uani kwa watu. Chombo kitakushusha karibu na Gereza, ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 walipoiteka Kilwa, na ambayo kuta zake tunazoziona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Oman ya miaka ya 1800 mwanzoni. Watu wengi hupiga picha nyingi hapo na kuchoka mapema. Usifanye hivyo, piga moja, uendelee.

Msikiti Mkuu ndio utakaokushika. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale, ya karne ya 11 au ya 12, na ile pana ya kusini, iliyoezekwa kwa kuba na matao, iliongezwa karne ya 14 na kufanyiwa ujenzi mwingine karne ya 15. Ingia asubuhi, jua likiwa bado linapenya kwa ubavu kati ya nguzo. Sogeza uso karibu na jiwe lililochongwa na utaona kwamba si jiwe la mlimani kama haya yetu ya Dodoma: lina mistari myembamba inayotawanyika kutoka kitovu kimoja hadi kingine, kwa sababu ni tumbawe lililokuwa hai baharini. Mafundi walilikata likiwa bado bichi na laini, wakalichonga wanavyotaka, likaja kukauka na kukaza likiwa tayari limeshapata umbo. Chokaa iliyoyashikanisha mawe hayo nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kwa kifupi, mji ule wote ulitolewa majini, ukainuliwa ukawekwa nchi kavu.

Kutoka msikitini tembea taratibu kuelekea mashariki hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati Kilwa ilipokuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyotoka Zimbabwe kwa njia ya bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na sarafu nyingine za Kilwa, tano kwa idadi, ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, bila mtu kujua hadi leo zilifikaje huko. Kasri lenyewe limejengwa juu ya jabali linalotazama bahari, lina vyumba zaidi ya 100, na katikati yake kuna bwawa la kuogelea lenye pembe nane, lililochimbwa na kusakafiwa kwa ustadi ambao ningependa kila mwanafunzi wako wa historia auone kwa macho. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika utawala huo huo, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Chukua nafasi ukae hapo, unywe maji, utazame upepo unavyochezea bahari chini yako.

Siku ya pili ni ya Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, siku ya tatu ni ya Kivinje, na ya nne uiache wazi. Hiyo ya wazi usiione kuwa ya kupotea. Baharini daima huwa kuna siku moja ambayo upepo au maji yatakataa, na mwenye siku ya akiba ndiye anayerudi nyumbani akiwa ameona alivyokusudia.

SWALI: Ninafanya kazi katika ofisi moja jijini Dodoma. Desemba iliyopita sisi wanne tulikodi boti ya injini kwenda Songo Mnara. Tulichagua siku za mwezi mpevu ili usiku tufaidi mbalamwezi ufukweni. Tulifika gatini saa moja asubuhi kama tulivyokubaliana, lakini nahodha akatuweka hadi saa saba mchana akisema maji hayaruhusu. Tulipofika kisiwani tulipata muda mfupi sana, kwani alituharakisha turudi kabla ya giza. Naamini alikuwa na abiria wengine wa asubuhi. Je, tulitapeliwa?

JIBU: Dada yangu, sikuwepo na siwezi kumtetea nahodha nisiyemjua, lakini maelezo yako yenyewe yanaonyesha kwamba alilolisema kuhusu maji lilikuwa kweli. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kutowaeleza hilo tangu siku mliyolipa, akangoja hadi siku ya safari. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hili ndilo jambo linaloharibu safari nyingi za watu wa bara kwenda pwani.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika kidogo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa kuwa zinafuata mwendo wa mwezi wala si wa jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na hapo ndipo pwani huingia kwenye bamvu: maji hujaa mno na kupwa mno, na katika pwani yetu tofauti ya kina kati ya maji ya juu na ya chini huweza kupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana na maji huwa mafu, yaani hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Jambo ambalo wavuvi wote wanalijua na wageni hawalijui ni kwamba katika pwani ya Tanzania nyakati hizi zina saa zake zisizobadilika sana. Siku za bamvu maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakawa maji hujaa asubuhi ya saa nne hivi na kupwa alasiri. Sasa itazame safari yenu. Mlikwenda mwezi ukiwa mpevu. Saa moja asubuhi maji yalikuwa yanakimbia kutoka. Mngeondoka wakati huo, mngekaribia Songo Mnara maji yakiwa yameuacha ufuo, na kisiwa kile kimezungukwa na mikoko: mngeshushwa mbali, mkatembea kwenye tope lenye mizizi iliyochongoka inayosimama wima kutoka chini, na boti ingekaa kitako kwenye matope hadi bahari irudi. Nahodha aliyewangojesha hadi maji yapande aliwaokoa na hilo.

Kwa hiyo safari nyingine chagua tarehe kwa kutazama mwezi. Anayetaka kwenda Songo Mnara au kisiwa kingine cha mbali aende mwezi ukiwa nusu, ambapo chombo kitafika karibu na nchi asubuhi na mtapata saa nyingi za kutembea katika mji ule wa karne ya 14 na ya 15 bila kuharakishwa. Mnaupenda mwezi mpevu? Basi siku hizo zitumieni kutembea ufuoni. Asubuhi ya bamvu bahari hurudi nyuma sana, na ukifuatana na mwenyeji unaweza kutembea juu ya mwamba uliofunuka, ukaona kinamama wakitafuta pweza kwa vijiti, konokono wa baharini, na vidimbwi vyenye samaki wadogo wenye rangi ambazo bara hatuzioni. Mkisikia mwenyeji anasema maji yameanza kurudi, geukeni hapo hapo. Maji yanayojaa hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu, na mtu anaweza kujikuta amezungukwa akiwa bado anatazama pweza.

Mnapokodi chombo, muulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo kabla ya kuuliza bei. Jibu lake litawaonyesha pia kama ni mtu wa kumwamini.

SWALI: Tuko Mpwapwa, tuna watoto wawili, wa miaka saba na wa miaka 12. Hawajawahi kuiona bahari na hawajui kuogelea. Tufikirie Kilwa, na kama ndiyo, mwezi gani?

JIBU: Wapelekeni, na furaha yao itawalipa gharama yote, ila mzazi asiichukulie bahari kuwa ni bwawa la Hombolo lenye maji mengi zaidi. Bwawa limetulia mahali pake, bahari ina mwendo. Mtoto aliyesimama maji yakiwa magotini saa nane mchana anaweza kukuta yamemfika kifuani kabla ya saa tisa na nusu, hali yeye hajasogea hata hatua moja.

Ufukwe wa Jimbizi hapo Masoko unawafaa. Mzazi mmoja awe ndani ya maji pamoja nao, si juu mchangani akiwaangalia, na azingatie kwamba maji yanayotoka huvuta. Wavalisheni yeboyebo au viatu vingine vya mpira wanapokanyaga penye mawe, maana matumbawe hukata na kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia mguuni. Penye mchanga wafundisheni kuburuza nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejizika mchangani astuke na kuondoka. Mtoto aliyechomwa na taa aloweshwe mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ndani ya chombo, jaketi la kuokolea ni lazima kwa kila mtu, awe mtoto au mtu mzima, na liwe limefungwa, si kuwekwa chini ya kiti. Nahodha akisema hana ya watoto, tafuteni mwingine hata kama huyu ni nafuu. Hapo sina mjadala.

Kuhusu mwezi, ninyi mmezoea mvua moja kuanzia Desemba hadi Aprili, lakini pwani ina hesabu nyingine. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na barabara ya kusini huweza kukatika. Mei 2024 mafuriko yaliyoambatana na kimbunga Hidaya yaliikata eneo la Somanga, yakawaacha abiria pande zote mbili. Juni hadi Septemba huvuma kusi, upepo utokao kusini: hali ya hewa ni ya baridi nzuri, ila bahari huchafuka hasa baada ya saa sita mchana, kwa hiyo likizo ya Juni inawezekana mkivuka asubuhi na kurudi mapema. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote, upepo ukiwa umelegea na maji yakiwa maangavu, na nyangumi wanaopita pwani yetu kuanzia Julai wakiwa hawajamalizika kuondoka; kwa bahati mbaya shule zimefunguliwa. Kama ni likizo ya Desemba, joto litawashangaza. Jua la pwani huunguza hata chini ya wingu, na watoto husahau kunywa maji hadi wapate kiu, wakati huo wamekwisha chelewa, hivyo wapeni maji kila baada ya muda bila kungoja waombe.

SWALI: Nimestaafu, ninaishi Kondoa, na magoti yangu hayana nguvu kama zamani. Nimeipenda historia maisha yangu yote. Je, kuna ninachoweza kukiona Kilwa bila kupanda na kushuka sana? Na nisafiri vipi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umetoka katika wilaya yenye urithi wa dunia ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara viliorodheshwa mwaka 1981, kwa hiyo utakuwa unatoka nyumbani kwa urithi kwenda kwa urithi. Wa Kilwa ulipitia wakati mgumu: mwaka 2004 uliwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya mawimbi kula ufuo na kuta kuanguka, ukaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuukarabati.

Kisiwani kwenyewe si kwa kupanda mlima kama kwenda kwenye michoro ya Kolo. Gereza na Msikiti Mkuu viko karibu na mashukio na ardhi ni tambarare. Kazi kwako itakuwa ni kuingia na kutoka chomboni, basi vuka maji yakiwa yamejaa ili boti ifike karibu, na uwaombe mabaharia wakushike mkono. Hawataliona jambo hilo kuwa usumbufu. Husuni Kubwa waachie vijana, au uulize kama kuna pikipiki ya kukusogeza. Songo Mnara sikushauri.

Lakini mzee wangu, kwako wewe naona Kivinje ndiyo itakayokuwa kilele cha safari, na kuna gari hadi mlangoni. Wageni wengi huiruka kwa sababu haina kuba wala makasri. Ni mji mtulivu wa wavuvi, wenye nyumba za ghorofa zilizochoka, milango ya nakshi, na jengo la utawala wa Wajerumani linalotazama bahari. Katika karne ya 19 hapa ndipo misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa ilipoishia, kama ile iliyopita Ugogo na Mpwapwa ilivyoishia Bagamoyo. Na katika milima ya Matumbi, ndani ya wilaya hii hii, watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani mwishoni mwa Julai 1905 na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa ile dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa vichanga. Wengine walinyongwa Kivinje, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, na pana mnara wa kumbukumbu yao. Kaa barazani na wazee wa pale baada ya sala ya alasiri. Wao husimulia kwa kutaja koo na vijiji, na kwa mtu wa umri wako watafungua mengi ambayo kijana mwenye kamera hataambiwa.

Kuhusu njia, panda treni Dodoma asubuhi, ulale Dar es Salaam usiku mmoja upumzike, halafu uchukue basi la kusini. Mengi hupakia abiria Mbagala Rangi Tatu. Yapo yanayofika Masoko moja kwa moja, na hayo ndiyo ya kuchagua, kwa sababu yale ya Lindi na Mtwara yatakushusha njia panda ya Nangurukuru ukalazimika kubadilisha gari ukiwa na mizigo. Barabara ni ya lami yote, na utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo safari hii ilitegemea kivuko na subira.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunapanga kwenda kundi la watu wanane kwa fedha kidogo. Tuvae nini, na tuepuke nini?

JIBU: Wingi wenu ni nafuu, kwa kuwa boti hukodiwa nzima, nanyi mtagawana. Kwa mama lishe wa sokoni Masoko mtakula wali wa nazi na samaki kwa bei ya kawaida. Bebeni fedha taslimu za kutosha mkiwa bado Masoko, maana Kisiwani hakuna benki.

Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Kisiwani watu wanaishi kati ya magofu, wanalima, wanazika, wanaswali, hivyo wasichana wafunge kanga au kitenge na wavulana wasipite vifua wazi. Pigeni hodi, amkieni wakubwa, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Mkienda Ramadhani, msile wala kunywa barabarani mchana. Mtafuturu pamoja nao jioni na mtakula vizuri zaidi ya siku nyingine yoyote.

Mtaona vigae vya vyungu na vya sahani za Kichina vimetapakaa mchangani, hasa baada ya mawimbi makubwa. Viacheni pale vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kigae kilichookotwa hakimwambii mtafiti chochote tena, kwa sababu thamani yake ilikuwa pale kilipolala, na tabaka la udongo kilimokuwa. Mkikipenda, kipigeni picha papo hapo na mmwonyeshe kiongozi wenu, naye atawaambia kama kimewahi kuonekana kingine cha namna hiyo.